Maswali Mnayotuuliza Kuhusu Bonde Letu: Mto, Viwanja, Mchanga na Miti

Sisi ni majirani wa upande wa juu wa Mto Msimbazi, huku kati ya Ulongoni na Kinyerezi, Dar es Salaam. Maswali haya tumeyakusanya kwenye kijiwe cha kahawa, kwa mama lishe, kwenye foleni ya maji na misibani. Tumeyaacha yalivyoulizwa, hata yale yaliyoulizwa kwa hasira, kwa sababu hayo ndiyo huwa na hoja.

Nyie ni akina nani? Serikali, mradi, au chama cha siasa?

Majirani tu, tunaojaribu kulinda bonde hili. Serikali ya mtaa inatujua, mwenyekiti huja siku akiwa na nafasi, na kikao chetu ni chini ya mwembe. Hakuna mshahara wala posho. Hatupimi viwanja na hatuchori alama ya X kwenye ukuta wa mtu. Ukiona mtu anapita nyumba kwa nyumba akidai elfu kumi "ya kuandikisha jina la bonde", huyo si wetu, mpeleke kwa mjumbe.

Semeni ukweli: mnataka kutuvunjia?

Hapana. Ila swali hili linastahili jibu refu, maana chanzo chake ni kosa letu wenyewe.

Mwaka wa kwanza tulipita mtaani tukisema "tunataka kuhifadhi bonde". Kwa masikio yetu neno lilikuwa zuri. Kwa masikio ya mzee aliyehamishwa huko alikotoka, *hifadhi* ni neno la mageti, askari na "kuanzia leo hapa si kwako". Na kwa watu wa Dar es Salaam, *bondeni* ni neno la Disemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 jijini na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Tena ni neno la Disemba 2015, matingatinga yalipoingia mabondeni. Sasa wewe unaweka *hifadhi* na *bondeni* kwenye sentensi moja halafu unashangaa watu wanakufungia mlango!

Siku hizi tunaongea habari ya mvua. Tunamuuliza mtu: masika iliyopita maji yalifika wapi kwako? Hapo kila mtu ana la kusema, na mazungumzo yanaanza yeye akiwa ndiye mwalimu.

Kuvunja au kutovunja hakumo mikononi mwetu. Tunachofanya ni kulinda sehemu ambayo bado haijajengwa, kushika kingo zisiendelee kumegeka kuelekea nyumba zilizopo, na kumwambia anayetaka kununua bondeni yale ambayo dalali hamwambii.

Hizo mita 60 za kutojenga kando ya mto zinatoka wapi, na zinapimwa kuanzia wapi?

Zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka fukwe za bahari na maziwa, kingo za mito na mabwawa ya maji. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 ya ukingo wa mto miongoni mwa zile zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, pamoja na maeneo ya mikoko na miteremko mikali.

Kinachowachanganya watu ni ukingo wenyewe. Msimbazi haukai mahali pamoja. Kuna jirani ambaye alipojenga alihesabu hatua zake vizuri hadi kwenye maji. Hakusogeza nyumba hata inchi moja, mto ndio uliomfuata. Mchanga ukichimbwa chini yake na majani yakaisha juu yake, ukingo humeguka kila masika, na mita 60 za mwaka ule leo ni 30. Kwa hiyo anayelinda ukingo kwa majani anailinda pia nafasi yake mwenyewe kisheria.

Sisi tumepima kwa futi kamba ili tuelewe tu. Kipimo kinachotambulika ni cha mpima ardhi wa halmashauri.

Mimi nilinunua kwa maandishi, mashahidi walikuwepo, muhuri wa mtaa upo. Kosa langu nini?

Huenda huna kosa, ila karatasi ile haina nguvu uliyoambiwa inayo. Hati ya mauziano yenye muhuri inaonyesha kwamba fulani alimuuzia fulani. Haibadilishi njia ya maji kuwa kiwanja. Kadhalika leseni ya makazi: ni haki ya muda kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa, na haikuwekwa kwa ajili ya ardhi hatarishi.

Anayetaka kununua, tunamshauri hivi. Dalali haonyeshi kiwanja cha bondeni mwezi wa nne. Anakuonyesha Agosti, upepo unavuma, mto umekuwa kijito cha kurukwa na mtoto, na bei inashangaza kwa urahisi. Basi rudi peke yako. Tafuta mama aliyekaa hapo miaka mingi, umsalimie, ukae, usiharakishe, kisha umuulize maji huwa yanafika wapi. Tazama kuta za nyumba za jirani: mstari wa tope unaobaki kwenye plasta hausemi uongo. Tazama miti kama mizizi yake iko nje. Halafu nenda idara ya mipango miji ya halmashauri ukaulize eneo hilo limepangiwa matumizi gani, na usitoe hata shilingi ya kishika nafasi kabla ya jibu.

Na kama tayari umeshajenga? Njoo tuzungumze juu ya maji ya paa lako, tafadhali. Jibu linalofuata ni lako.

Korongo la njia yetu limeanzaje? Zamani halikuwepo.

Limeanzia kwenye mabati yetu.

Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 10 ina mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Dar es Salaam si ajabu, paa hilo moja linatema lita 5,000. Hilo ni simtanki zima la kusimama, limemwagwa kwenye njia kwa muda wa saa chache. Sasa hesabu nyumba arobaini za mteremko mmoja, zote zimeelekeza maji kwenye kinjia kilekile cha mchanga ambacho zamani kilikuwa na majani. Kinjia hakina budi kuwa mfereji, na mfereji kuwa korongo.

Tunaanza na nyumba za juu, ingawa wa juu ndio wasio na shida na ndio wagumu kuwashawishi. Wanaoweza huweka mfereji wa bati na tanki, na hapo maneno ni machache, maana maji yakikatika wiki nzima tanki linajisemea lenyewe. Wasio na uwezo wa tanki wanachimba shimo la kuzamisha maji ardhini, wanajaza mawe na vifusi, wanaelekeza maji humo. Lisiwe karibu na msingi wa nyumba wala karibu na choo.

Ndani ya korongo lenyewe tunapanga viroba vya mchanga na mawe kwa kukata njia ya maji, ngazi kwa ngazi, ili maji yapunguze mbio na kuacha udongo wake nyuma ya kila ngazi. Juu ya udongo huo tunapanda majani. Msitupe takataka korongoni mkidhani mnaliziba. Mvua moja tu, vyote viko Jangwani, huko chini karibu na katikati ya jiji, na Barabara ya Morogoro imefungwa.

Vijana wanaochimba mchanga mtoni mnawafanya nini?

Hapa nitasema kwa niaba yangu, wenzangu watanisamehe. Mara ya kwanza tuliwafuata kwa vitisho. Tukapiga picha tipa, tukapiga simu, tipa likaondoka na vijana wakakimbia. Kesho yake walirudi saa tisa usiku, na miche yetu yote ya ukingoni ilikuwa imeng'olewa na kupangwa vizuri pembeni, kama mtu anayekurudishia vyombo vyako. Ujumbe ulifika.

Sheria iko wazi. Mchanga ni madini ya ujenzi, unachimbwa kwa leseni na mahali palipokubaliwa, na kitanda cha mto si mahali hapo. Lakini kijana aliyesimama majini na koleo anapata ujira wa siku. Faida yenyewe iko kwa mwenye tipa, na kwa sisi tunaojenga tukiuliza bei bila kuuliza mchanga umetoka wapi. Mimi mwenyewe nimejengea mchanga wa mto huu.

Tulichobadilisha ni kukaa nao. Walituonyesha mahali ambapo nguzo za daraja zimebaki uchi, jambo ambalo hatukuwa tumeliona, kwa sababu wao ndio wanaingia majini. Baadhi yao sasa ndio wanaopanga viroba makorongoni, na nyumba za eneo husika huchangishana kuwalipa. Tumewaelekeza pia kwenye mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inahitaji kikundi kilichosajiliwa, na karatasi zake zinachosha. Bado kuna wanaochimba. Sitadanganya.

Miti gani ipandwe? Nina miche ya mikaratusi ya bure.

Asante, lakini mikaratusi ipeleke mbali na maji. Inakunywa sana na chini yake hakuoti kitu cha kushika udongo. Miashoki nayo inapendeza kando ya geti, ila ukingo wa mto haiusaidii kitu. Milusina tunaiogopa kwa sababu inasambaa yenyewe na kuzisonga nyingine.

Ukingoni kabisa, anza na majani kabla ya miti. Vetiva ndiyo mfalme hapo: mizizi yake inashuka chini wima, hadi mita 3, na haitambai kwenda shambani kwa jirani. Mabingobingo ni mepesi kupata, unakata kipande chenye vifundo unachomeka, na wenye ng'ombe wa ndani watakushukuru. Juu yake weka mianzi kwa nafasi, halafu mikuyu, ambayo ni miti ya mito tangu enzi. Mbali zaidi na maji panda unachopenda kula: mwembe, mfenesi, mkwaju. Mti wa matunda hauhitaji mlinzi, watoto watakupigia kelele ukitaka kuukata.

Jiji hili limejiita kwa miti yake. Mikocheni ni penye mikoche, halafu kuna Mwembechai na Mbuyuni. Majina yamebaki, mikoche itafute.

Wakati wa kupanda ni mvua za masika zikishashika, mwishoni mwa Machi hadi Aprili. Vuli ni kubahatisha. Tuliwahi kupanda Januari kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi Januari. Picha zilitoka nzuri. Hakuna mche uliofika Machi. Kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kila mwaka, na sisi tunapoombwa kusaidia tunauliza kwanza nani atamwagilia mwezi wa nane, na mbuzi wa nani wanapita hapo.

Vichaka vyenu vinaleta mbu na nyoka.

Mbu wa malaria wanapenda madimbwi yaliyo wazi kwenye jua, na mashimo ya mchanga yaliyoachwa ni hoteli yao. Mbu wa dengi, aliyetusumbua jijini mwaka 2014 na 2019, anazaliana kwenye matairi, makopo na mapipa yasiyofunikwa, yaani uani kwetu. Majani ya ukingoni si mazalia yao.

Nyoka ni hoja ya kweli. Hufuata panya, na panya hufuata takataka. Tunafyeka pande zote za njia, na tunaomba mabaki ya chakula yasimwagwe bondeni.

Naweza kulima mchicha kando ya mto?

Kulima si shida kubwa, maji ndiyo shida. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu ukiwa mto wa kawaida, na kadiri unavyoshuka unapokea vyoo, gereji na viwanda. Mboga za majani hunyonya kile kinachomwagiliwa. Mwagilia kwa maji ya mvua au ya bomba, lima matuta yakikata mteremko usiyateremshe nao, na acha ukanda wa majani kati ya bustani na maji. Ukishafika kuanzia Vingunguti kwenda chini, mimi binafsi nisingelima mboga ya kumwagilia kwa mto.

Kuna jirani anatapisha choo mvua ikinyesha.

Tunamjua, na wewe unamjua, na wako zaidi ya mmoja. Kipindupindu hakichagui nyumba iliyotapisha. Tulichojaribu kikafaa: nyumba tano sita za jirani zinaita gari la majitaka siku moja na kugawana gharama. Anayekataa hata baada ya hapo, taarifa inakwenda kwa afisa afya wa kata. Hilo hatuoni haya kulifanya.

Eneo la wazi la mtaa limezungushiwa mabati usiku. Tuanzie wapi?

Anzeni leo. Mabati yanaondolewa, msingi unasumbua, na ghorofa ni kesi ya miaka. Pigeni picha zinazoonyesha na majengo ya jirani. Mwenyekiti aitishe mkutano na muhtasari uandikwe, wenye tarehe na sahihi za waliohudhuria. Ombeni idara ya mipango miji iwaonyeshe mchoro wa eneo: kama ni eneo la wazi kwenye mchoro uliopitishwa, hoja imebaki fupi. Nakala ziende kwa mtendaji wa kata na diwani, na kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa.

Halafu litumieni eneo. Uwanja wenye mechi kila jioni na wazee wa bao chini ya kivuli ni mgumu kuporwa kuliko uwanja wenye kibao cha "Eneo hili haliuzwi".

Marehemu baba aliacha kipande bondeni. Tungependa kisiuzwe, kibaki na miti.

Mungu amrehemu. Jambo la kwanza ni familia yote kukubaliana kwa maandishi, mirathi ikiwa imefunguliwa, kwa sababu kipande "cha wote" ndicho huuzwa na mmoja. Ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mnachoshika ninyi ni haki ya kuitumia, na matumizi hayo yanaweza kuandikwa. Familia za Kiislamu zina njia ya wakfu, na mji huu umeizoea kwa misikiti na makaburi. Sioni kwa nini isifae kwa shamba la miti. Muoneni shehe na mwanasheria kabla ya kutangaza. Sisi tutasaidia kuhudumia miti, lakini kipande hatukipokei kiwe chetu. Kikundi kisicho na ofisi hakipaswi kumiliki ardhi.

Kwa nini hamtangazi kwa gari la spika kama wengine?

Tulitangaza. Gari lilipita, watoto wakalikimbilia, watu wazima wakadhani ni mnada au sabuni.

Kinachofanya kazi huku ni polepole. Saluni ya kusuka, mteja anakaa saa nne hana pa kwenda: ukimwelewesha msusi, umeelewesha mtaa. Baada ya swala ya Ijumaa imamu akitupa dakika tatu, tunatumia mbili. Jumuiya ndogondogo za kanisa zinakutana nyumbani kwa watu, kwa hiyo unaongelea korongo huku korongo lenyewe linaonekana dirishani. Bodaboda ndio wa kwanza kujua njia ipi imekatika. Grupu la wasapu linafaa kwa kutangaza siku ya kazi, ila mabishano yakianza humo tunayahamishia kwenye mkeka, maana sauti iliyorekodiwa kwa hasira husambazwa hadi Mbagala.

Na tunakwenda na mtu aliyewahi kukataa. Yeye ndiye mhubiri bora, kwa sababu anajua maneno yote ya kukataa.

Tunaweza kuona mto unakoanzia?

Ndiyo, na ndiyo safari tunayoipenda kuliko zote. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuna mapango ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini, yenye popo wengi, na kuna mimea iliyopewa jina la Pugu na wanasayansi, kama *Baphia puguensis*. Mtu akishasimama kwenye kivuli kile, akaona maji yanachuruzika masafi, huhitaji tena kumweleza kilichotokea kati ya pale na Daraja la Selander, mto unapoingia baharini. Kwenye daraja, tazama mikoko iliyobaki: hiyo nayo ni hifadhi ya misitu kisheria, hata kama inaonekana imeachwa.

Fidia ya mradi wa Bonde la Msimbazi tunaipataje?

Si kwetu. Ule ni mradi wa serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na una ofisi zake na wathamini wake. Anzia serikali ya mtaa. Usimlipe mtu yeyote "kukufuatilia".

Jumamosi ya kazi naweza kuja na mtoto?

Njoo naye. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Avae viatu vya kufunika vidole, chupa za kuvunjika ni nyingi. Majembe tunayo machache. Ukileta la kwako lichore alama kwenye mpini, yanafanana na yanapotea.